Mkono Uliposimama

Nina kasoro moja ambayo wanagenzi wangu huijua hata kabla ya kulijua jina langu: sina subira. Mtu akianza kunieleza jambo, mimi nimeshafika mwisho wa sentensi yake, ninamngojea huko huku nikigongagonga kalamu. Ni kichekesho basi kwamba kazi yangu, miaka yote hii hapa Lodwar, ni kuwafundisha vijana kusubiri. Ninawaandaa walimu wa hisabati wa shule za upili, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo haifanyiki chuoni. Hufanyika kwenye madarasa ya watu wengine, nyuma kabisa, juu ya kiti cha kuazima.

Kanuni yangu ya wiki ya kwanza ni kwamba hakuna kugusa chaki. Kila mwanagenzi humchagua mwanafunzi mmoja darasani na kumtazama kipindi kizima akifanya hesabu. Daftarini huchora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto huandika alichokiona, upande wa kulia anachokifikiri, na ole wake atakayevichanganya. Angalieni mkono, huwa nawaambia, msiangalie jibu. Jibu litawaambia kama mtoto amepata au amekosa, lakini mkono utawaambia amepitia wapi.

Hawaipendi kanuni hii. Muhula ninaousimulia, tulipoanza katika shule moja ya Kanamkemer, mmoja wao aliniuliza kwa upole wa mtu aliyejaribu kuwa mpole, "Madam, tulikuja kufundisha ama kupeleleza?" Nikamwambia kupeleleza kwanza. Wakacheka, wakaenda kukaa nyuma, na jua la saa nne likaanza kuyapasha moto mabati.

Lakini ikifika Ijumaa huwa wananiletea vitu ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kuviona, na hapo ndipo ninapoipenda kazi hii kupita kiasi. Safari ile mmoja alimwona msichana anayeandika jedwali la saba kwa penseli kwenye kona ya ukurasa na kulifuta mwalimu anapokaribia. Mwingine alimwona mvulana akijumlisha sita na saba bila kuhesabu chochote. Alipomuuliza, mvulana akaeleza kwamba kwa Kiturkana sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, kwa hiyo yeye huondoa zile tano mbili kwanza, anapata kumi, halafu anaokota tatu iliyobaki. Nilirudi nyumbani nikijumlisha kila kitu kwa njia hiyo hadi nikachoka na mimi mwenyewe.

Katika kundi lile alikuwamo kijana mmoja mrefu kutoka upande wa Namoruputh. Yeye hakuwa mgeni wa mazoezi haya. Alikuwa ameyafanya mwaka uliotangulia mbele ya mkaguzi mwingine, akaanguka. Nililiona faili lake. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa maneno mawili: hana sauti. Chuoni kwetu mtu huruhusiwa kurudia mazoezi ya ufundishaji mara moja tu. Akianguka mara ya pili anaondoka, hata kama mitihani mingine yote ameipita, na huyu alikuwa ameipita yote vizuri. Kule kwao, aliniambia siku moja bila kuulizwa, mama yake alikuwa ameshaanza kuitwa mama mwalimu.

Kweli sauti hakuwa nayo. Ukimsalimia ejok, anakuitikia kwa midomo zaidi kuliko kwa koo. Wakati wa kugawana shule za kufundishia, wenzake waliikwepa Kakuma kwa sababu ya ukubwa wa madarasa ya kambi ya wakimbizi. Yeye akaiomba. Nilimuuliza kwa nini mtu asiye na sauti anataka darasa kubwa kuliko yote.

"Huko kila mtu ni mgeni wa lugha, Madam," akasema. "Hawatacheka yangu."

Nilimpa Kakuma. Moyoni nilihesabu kwamba nimempoteza.

Nilifika huko Jumanne, siku moja kabla ya somo lake la kukaguliwa. Gari la chuo lilinishusha langoni na upepo ukanipokea kwa vumbi la kawaida. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili, ambaye mwanagenzi wangu alikuwa chini yake, alinikaribisha kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Mezani pake madaftari yalipangwa kufika kidevuni, na alikuwa akiyasahihisha huku anazungumza nami, huku anamjibu mtu dirishani.

Akanitolea daftari moja. Lilikuwa la msichana aliyetoka Kongo, aliyejiunga na darasa muhula ule. Majibu yake ya kugawanya yalikuwa sahihi karibu yote, lakini chini ya kila hesabu palikuwa na namba mbili tatu tu zimening'inia, na kando yake mistari iliyochorwa mahali ambapo sisi hatuchori. Kila ukurasa ulikuwa na msalaba mwekundu na agizo la kuonyesha kazi.

"Huyu anakopi," mwalimu akaniambia. "Shida yangu ni kwamba sijui anakopi kwa nani, kwa sababu majirani wake wote wamekosa."

Sentensi hiyo ilistahili kunisimamisha. Ingetoka kwa mwanagenzi ningeiandika ubaoni tukaicheka wiki nzima. Lakini nilikuwa na kiu, nilikuwa na ratiba, nikatikisa kichwa kama mtu mwenye hekima. Nikafunua kurasa tatu. Katika mitihani yetu jibu peke yake halimpi mtu alama zote, zipo alama za njia, na mwanafunzi asiyeonyesha njia hazipati. Nikasema hayo. Nikasema, "Mnyime alama za njia, atajifunza." Mwalimu akanieleza kwamba ameshamhamisha, sasa anakaa peke yake karibu na mlango ili asiwe na wa kumwangalia. Nikasema ni vizuri. Mazungumzo hayo yote hayakufika dakika moja.

Mwanagenzi wangu alikuwa amesimama pembeni, daftari lake mkononi. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza kitu.

Jumatano nikakaa nyuma na fomu yangu. Fomu ya ukaguzi ina safu zake: sauti, matumizi ya ubao, udhibiti wa darasa, matumizi ya muda, kukamilisha mpango wa somo. Chini kuna nafasi ndogo ya maoni. Hujazwa kwa wino, na wino ule haufutwi.

Somo lilikuwa wastani. Alianza kwa sauti yake ile ile, na darasa zima, watu watatu watatu kwenye dawati la wawili, likainama mbele ili limsikie. Leo ninaweza kuandika kwamba liliinama mbele. Siku ile nilichoandika ni kwamba sauti haifiki nyuma. Akaweka swali ubaoni, amelitunga mwenyewe: bomba moja la maji lilijaza mitungi 1,736 kwa siku ishirini na nane, je, kwa wastani lilijaza mitungi mingapi kwa siku? Vichwa vikashuka. Yeye akaanza kupita katikati ya madawati, akafika mlangoni, kwenye dawati la yule msichana, akasimama.

Akaendelea kusimama. Nikatazama saa. Dakika ya kwanza ni ya kawaida, ya pili inavumilika. Ya tatu darasa likaanza kumaliza hesabu na kutafuta la kufanya, Kisomali upande huu, Kiarabu cha Juba upande ule, na mbele yangu kijana mmoja akamnong'oneza jirani yake, "Odijo amehang." Mwalimu amekwama. Nikakubaliana naye kabisa. Ya tano nikahisi shingo yangu ikipata moto, kwa maana nilimpenda kijana huyu na alikuwa akijiangusha mbele ya macho yangu. Nikaandika kwenye nafasi ya maoni: Anasitasita. Anapoteza muda wa darasa. Hajawa tayari.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameinama anamsemesha msichana. Msichana akakataa kwa kichwa. Akamsemesha tena, halafu akamwekea chaki mkononi, chaki ile ile aliyokuwa akiitumia yeye, na akampisha njia.

Msichana akaenda ubaoni. Akaandika 1736, halafu kulia kwake akachora mstari wa kusimama na wa kulala, akaweka 28 juu ya ule wa kulala. Kila kitu kwangu kilikuwa mahali pasipo pake, kama jikoni mwa mtu mwingine ambako hujui chumvi iko wapi. Akaweka sita chini ya ishirini na nane. Midomo yake ikawa inacheza, Kifaransa bila sauti. Kisha chini ya 1736 akaandika tano peke yake, akaishushia sita ikawa hamsini na sita, akaongeza mbili kando ya ile sita, akamaliza kwa sifuri. Sitini na mbili. Hakuna toa, hakuna mstari wa kutoa.

"Jibu iko sawa," mtu akasema. Mwingine akauliza, "Lakini kazi iko wapi?"

"Hiyo tu ndiyo naomba atuambie," mwanagenzi akasema.

Msichana aliangalia sakafu. "Iko ku kichwa," akasema. "Kwetu njo vile banatufundishaka." Kwao ndivyo wanavyofundishwa.

Nyuma, karibu sana na mimi, msichana mwingine akainua mkono nusu. "Hata mi nilijuaka hiyo," akasema. "Lakini niliacha. Kila siku ni msalaba." Na mvulana mmoja wa Burundi akasema hata yeye.

Mwanagenzi hakuwahubiria. Alichora upya hesabu ile ile kwa njia yetu, pembeni ya ile ya msichana: sitini na mbili juu, mia na sitini na nane chini ya mia na sabini na tatu, toa, hamsini na sita, toa. Kisha akasema kwa kile kisauti chake kwamba upande wetu kuna mia na sitini na nane, upande wa mwenzetu haipo, na majibu ni yale yale, sasa imejificha wapi? Sijawahi kuona darasa la saa sita mchana likitafuta namba kwa njaa namna ile. Watu walisimama juu ya madawati. Msichana mmoja Msomali aliyekuwa kimya kipindi kizima akaipata: haikujificha ubaoni, ilipita mdomoni. Mwenzao aliisema, akaitoa hapo hapo, akaandika kilichobaki tu.

Rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shule ikagongwa, kipindi kikaisha. Mpango wake wa somo ulikuwa na mifano mitatu na zoezi. Alikuwa amefanya mfano mmoja.

Niliona aibu, na aibu yangu huja imevaa hasira. Nikamwita nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikamuuliza mbona hakuniambia jana.

"Hukuuliza, Madam."

"Na wewe ulijuaje hakopi?"

Akafikiri. Sikumkatiza, na ilinigharimu. "Mtu ya kukopi, mkono yake inasimama kila saa," akasema. "Anaandika, anasimama, anaangalia, anaandika. Huyu mkono yake ilisimama mahali moja tu. Pale kwa sita mara nane. Ni pale hesabu ni ngumu. Kama ni kukopi, angejuaje pale ni pagumu?"

Nikamuuliza amejifunza wapi kusimama na kutazama hivyo. Nadhani nilikuwa nimeshajiandalia jibu, na alilisoma usoni pangu, kwa maana alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Unataka niseme ni kuchunga mbuzi," akasema. "Madam, mimi naogopa kuongea mbele ya watu. Sasa kama siongei nifanye nini? Naangalia." Akajipangusa chaki vidoleni. "Lakini pia mbuzi kidogo."

Nikamwomba lile daftari lake la mstari katikati, ambalo alikuwa ameendelea kulijaza huku Kakuma. Alisita kabla ya kunipa, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipofunua. Yule msichana alikuwa na kurasa nne. Upande wa kushoto ulijaa: alipoanza, namba ipi ilitangulia, midomo ilipocheza, mkono uliposimama, tena siku ya pili, tena siku ya tatu. Ukurasa wa tano ulikuwa wa Jumanne. Kushoto aliandika: Madam amechukua daftari la msichana. Ameangalia majibu. Amefunua kurasa tatu. Hakumwita msichana. Upande wa kulia, pa kuandika anachokifikiri, alikuwa ameacha wazi.

Nililisoma mara mbili. Alikuwa ameifuata kanuni yangu kuliko mimi niliyeitunga, na alikuwa amenipa heshima ya kuniachia nafasi ile nijaze mwenyewe.

Ilibaki fomu. Nikaenda kukaa ofisini kwa walimu nayo mbele yangu. Kuomba nyingine kulimaanisha kuomba ukaguzi mwingine, na muhula ulikuwa unafungwa, asiyekaguliwa huhesabiwa ameanguka. Kuiacha ilivyo kulimaanisha vivyo hivyo. Nikafanya ninachowakataza wengine. Nikapiga mstari juu ya maoni yangu, nikatia sahihi kando. Kwenye muda na kukamilisha mpango nikampa alama za chini, kwa kuwa kweli hakumaliza, na nyingine nikampa kwa nilichokiona macho yangu yalipofunguka. Jumla ikapita alama ya kufaulu kwa unyoya. Kisha nikaigeuza fomu, nikachora mstari katikati ya mgongo wake mtupu, na upande wa kushoto nikaandika somo zima, dakika kwa dakika, pamoja na zile tano nilizoziita kupoteza muda.

Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimweleza. Alikuna kichwa kwa muda, akalivuta daftari la msichana kutoka kwenye lundo, akaanza kurudisha alama, ukurasa baada ya ukurasa, akinung'unika kwamba hakuna aliyemwambia. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi niliyetumwa kuangalia sikumwambia. Kisha akaacha kunung'unika. "Na hao walioacha?" akaniuliza. "Walioacha yao wakashika yangu na sasa wanakosa zote mbili?" Jibu lake hadi leo ninalo nusu tu.

Chuoni Lodwar fomu ilirudishwa mezani pangu siku iliyofuata. Maoni yaliyofutwa hayakubaliki, na huko nyuma kumeandikwa nini? Nikaitwa mbele ya kamati ya mitihani, wenzangu wanane ambao wengi wao nimewahi kuwakosoa kwa haraka zao. Ningeweza kusema nilikosea kuandika. Nilitamani sana kusema hivyo. Niliwaeleza kwamba nilimhukumu msichana wa watu kwa chini ya dakika moja, kisha nikamhukumu mwanagenzi wangu kwa kumpa dakika tano. Chumba kilikuwa na joto na hakuna aliyenisaidia. Mkaguzi yule aliyemwangusha mwaka uliotangulia ndiye aliyeomba kuusoma ule ukurasa wa nyuma. Aliusoma taratibu mpaka mwisho, akaipitisha fomu kwa jirani yake. Walimpitisha, wakaongeza sharti kwamba aifanyie kazi sauti yake.

Wiki iliyofuata nikarudi Kakuma kumpa habari hiyo mwenyewe. Nilimkuta darasani, ameketi nyuma, kwani kipindi kilikuwa cha mwalimu wake. Nilimwambia pale pale kwa kumnong'oneza. Aliuweka mkono wake juu ya dawati ukiwa umefunguliwa, akautazama, kisha akauliza kama mama yake anaweza kupigiwa simu leo au angoje barua. Nikasema leo. Macho yangu yakapata maji na nikasingizia vumbi.

Rimu ilipogongwa nilimwendea yule msichana. Alikuwa amerudishwa katikati ya wenzake. Nikamwambia kwamba nilikosea juu yake, nikamwomba anisamehe, na kwa kuwa hakujua la kufanya na msamaha wa mtu mzima, nikamwomba pia anifundishe. Hilo alilijua. Akanitolea ukurasa safi na kuniandikia 2,146 kugawanya kwa 37, kwa mistari yake. Darasa halikutoka. Tano, nikaandika chini ya thelathini na saba. Tano mara saba ni thelathini na tano, na kalamu yangu ikashuka yenyewe kuandika mia na themanini na tano pale chini, mahali ilipozoea kushuka maisha yangu yote.

Akapafunika kwa kiganja. "Hapana kuandika, Madame. Sema tu."

Thelathini na tano. Kutoka arobaini na nne inabaki tisa, nashika nne. Tano mara tatu kumi na tano, na ile nne niliyoshika. Niliyoshika wapi? Mkono wangu ukasimama. Nilijua wote wanauona umesimama, na nilitamani mtu anisaidie, na nilitamani zaidi asinisaidie mtu. Wote wakaningoja. Nyuma kabisa, juu ya kiti cha kuazima, mwanagenzi wangu alikuwa ameshafungua daftari na anaandika upande wa kushoto.